Usiuze kifaa cha dashibodi kabla hujauliza gari ni la nani

Kuna ushauri unazunguka sana kwenye peji zetu hizi, kwamba muuza mtandaoni kazi yake inaishia pale hela imeingia na mzigo umemfikia mteja. "Sisi wauzaji, sio mafundi." Nimeusikia mpaka nikauamini, na nilipouamini ukanigharimu. Leo naomba niupinge, na nitaeleza kilichonikuta bila kujificha, maana sehemu kubwa ya kosa ni langu mwenyewe.

Mimi niko Mtwara mjini, Chikongola. Nimeishia kidato cha nne, umeme sijasomea popote, nimejifunza kwa kuunguza vitu vyangu. Nilianza na chaja na kava za simu, nikaingia kwenye redio za magari, halafu nikaongeza gemu za mkononi zilizotumika, hasa PSP. Wengi wenu mnaijua. Sony walianza kuiuza Japani Desemba 2004, wakaacha kuitengeneza 2014, lakini huku kwetu bado ina wapenzi wake kwa sababu haihitaji bando, mpira unachezeka vizuri, na ikianguka mara mbili tatu bado inawaka.

Sasa Mtwara ya miaka hii sio ile ya kusubiri korosho tu. Kuna malori ya saruji, kuna makaa ya mawe yanayoshuka kutoka upande wa Songea kuja bandarini, na msimu wa korosho ukifunguka Oktoba unakuta vyote vimekutana njia moja. Gati jipya la mita 300 limeleta meli, meli zimeleta malori, na malori yameleta foleni. Dereva anaweza kukaa na lori lake siku nzima anasubiri kushusha, wakati mwingine analala hapo hapo. Mtu aliyekaa tu ana simu mkononi, na mwenye simu mkononi ni mteja wetu. Ndo maana nikawa naposti jioni jioni, muda ambao najua wamepaki.

Akanijia dereva mmoja inboksi. Mtu mzima kuliko mimi, ananiita dogo, mimi namwita kaka. Ameona PSP kwenye posti, swali lake moja tu: "Dogo, hii naweza kuipachika kwenye dashibodi, iwe kama redio?" Nikamjibu kwa haraka zangu: "Inawezekana kabisa kaka, watu wanafunga." Sikudanganya. Nilishaona video za watu wa nje wamefunga PSP kwenye dashibodi za magari madogo na ikakaa vizuri utasema gari lilitoka nayo kiwandani. Akalipa 130,000 na chaja ya gari ya 10,000, nikampelekea mwenyewe kwa bodaboda. Nikajiona nimeua.

Siku nne baadaye akanipigia, sio kwa hasira, na hapo ndo nikaogopa zaidi. Akasema, "Dogo, njoo uone ulichoniuzia."

Nikaenda. Fundi wake alikuwa amekata plastiki ya dashibodi kwa kisu cha moto ili PSP iingie, tundu limekaa kama limetafunwa na panya. Chaja ya gari imeungua, imenuka hadi kwenye viti. PSP yenyewe ilipona kwa bahati, chaja ilikufa kabla haijapitisha kitu. Nikatoa lile jibu letu: "Kaka, mimi nimeuza PSP nzima, kufunga amefunga fundi wako." Akaniangalia, akasema, "Sawa. Lakini lori sio langu. La tajiri."

Hapo ndo mwili ukaniisha nguvu. Dashibodi ile ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, ambaye hajawahi kuniona wala kuninunulia. Na tajiri akiliona tundu lile, hakati mshahara wa fundi wala wangu.

Twende kwenye ufundi kidogo, kwa sababu bila kuuelewa huwezi kuona kwa nini nasema kosa lilikuwa la kwangu mimi muuzaji.

Kwanza vipimo. PSP ya mwanzo ina upana wa milimita 170 na kimo cha milimita 74. Zile gari ndogo za Kijapani tunazoendesha huku, IST, Raum, Vitz na ndugu zao, sehemu ya redio ni kubwa, milimita 200 kwa 100. PSP inaingia humo na nafasi inabaki ya kuweka fremu. Ndo maana zile video zinapendeza. Lakini kuna sehemu nyingine ya redio, ile nyembamba, ambayo ni milimita 180 kwa 50 tu, na malori mengi yana hiyo. Kitu cha kimo cha 74 hakiingii kwenye tundu la 50 hata ukisali. Kama ningemwambia tu, "Kaka chukua rula, nipimie hapo ilipo redio, unitumie picha," ningejua palepale kwamba hapo hapafai. Dakika mbili. Sikufanya.

Pili umeme. Gari dogo lina betri moja ya volti 12, injini ikiwaka inapanda mpaka kama 14. Lori lina betri mbili zimeungwa kwa mfuatano, volti 24, na injini ikiwaka inafika kama 28. Kila dereva wa lori anajua hilo. Mimi nilikuwa nalijua kwa kulisikia tu, sikuliunganisha na chaja niliyokuwa nauza. Chaja nzuri imeandikwa kwa maandishi madogo kwamba inapokea 12 hadi 24. Yangu ilikuwa imeandikwa 12 tu. Nilikuwa nazo kumi na nane dukani, na sikuwahi kusoma maandishi yale hata siku moja. Nyinyi mnaosoma hapa, kama mna chaja za gari, simamisheni kidogo kusoma, mkachukue moja mwangalie imeandikwa nini. Mimi nitasubiri.

Haya. Halafu kuna ujanja ambao mafundi wengi wanautumia kwenye lori, wa kuchomoa volti 12 kutoka betri moja kati ya zile mbili. Unafanya kazi, kifaa kinawaka, mteja anafurahi. Lakini betri moja inanyonywa na nyingine hainyonywi, na alteneta inachaji zote kama vile ziko sawa. Baada ya muda moja iko njaa na nyingine imevimbiwa, zote zinakufa kabla ya siku zao. Na betri za lori sio bei ya PSP. Njia ya kweli ni konveta ya kushusha kutoka 24, na fyuzi mwanzoni mwa waya, karibu na unapochukulia umeme. PSP inakula volti 5 kwa ampea 2, yaani wati 10. Ukirudisha kwenye volti 24 hiyo haifiki hata nusu ampea, kwa hiyo fyuzi ya ampea 1 inatosha. Yule fundi hakuweka fyuzi kabisa. Moshi ungeweza kuwa moto, na lori likiwa limebeba makaa ya mawe sitaki hata kuendelea na hiyo picha.

Tatu jua. Dashibodi ya gari lililopaki Mtwara saa nane mchana mnaijua wenyewe, usukani haushikiki. Betri ya PSP ni ya lithiamu, na lithiamu na joto hawapatani. Inavimba, inasukuma mfuniko wa nyuma, na mkiendelea kuichaji hivyo hivyo mnatafuta balaa. Bahati nzuri PSP inaweza kuwaka kwa chaja peke yake, betri ukiwa umeitoa. Kwa hiyo ukiifunga moja kwa moja, itoe betri, mpe mteja akaiweke nyumbani. Hili sijalisoma popote, nimeligundua baada ya betri mbili kunivimbia dukani kwenye kabati linalopigwa na jua.

Basi nikarudi nyumbani na mawazo. Ningeweza kunyamaza. Kwenye kanuni zetu za mtandaoni nilikuwa sina hatia: bidhaa ilifika nzima, picha ninazo, ujumbe wa malipo ninao. Lakini madereva wana magrupu yao ya WhatsApp na wanaongea kuanzia Mtwara, Masasi, Tunduru mpaka Songea. Hakunitukana humo, aliuliza tu kama kuna mtu anajua fundi mzuri wa dashibodi Mtwara, akaweka picha. Wakamuuliza ulikuwa unafunga nini, akataja, wakamuuliza ulinunua wapi, akataja. Wiki mbili sikupata oda hata moja ya dereva wa lori. Hapo awali walikuwa kama nusu ya wateja wangu.

Nikafanya ambacho nilitakiwa nifanye siku ya kwanza. Nikamtafuta fundi umeme wa magari mwenye jina lake huku mjini, mzee wa makamo, tukaenda wote kwenye lori. Plastiki ya dashibodi tukaiulizia Dar, ikapatikana iliyotumika, ikaja na basi. Konveta, fyuzi, waya mzuri, rilei, na ufundi. Yote pamoja ilinitoka zaidi ya faida niliyokuwa nimepata kwa PSP sita. Dereva akachangia kidogo kwa hiari yake, nikapokea, sikujifanya tajiri.

PSP hatukuirudisha kwenye dashibodi. Tukaipachika kwenye boksi la juu, pale wanapoweka makaratasi, kwa kishikio cha kubana ambacho hakijatoboa chochote. Siku akiachishwa au akihamia lori lingine, anafungua skrubu mbili anaondoka nayo na lori linabaki kama lilivyokuwa. Naomba wauzaji mlikazie macho hilo. Madereva wengi wa malori, daladala, hata bajaji na bodaboda, wanaendesha mali ya mtu mwingine. Anayekulipa sio mwenye dashibodi. Ukiuliza "gari ni la kwako kaka au la tajiri?" humdhalilishi, wao wanaongea hivyo wenyewe kila siku. Jibu ndilo litakuambia uuze cha kutoboa au cha kubana.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo najua tutagombana.

Wakati tunafunga, fundi akaniuliza, "Unataka iwake muda wote au akiwa amesimama tu?" Mimi nikasema muda wote, mteja anataka hivyo. Dereva mwenyewe akaingilia. Akasema zile siku nne kabla chaja haijaungua, alikuwa anashuka mlima upande wa Tunduru, utingo wake anacheza mpira pembeni, na yeye akajikuta anaangalia nani kafunga. Alisema kwa kucheka, lakini alisema tu mara moja na akanyamaza. Lori na mzigo wake ni tani nyingi, ndugu zangu, halisimami kwa sababu umelishtukia.

Kwa hiyo fundi akachukua waya wa taa ya breki ya mkono, akaupitisha kwenye rilei ya volti 24. Breki ya mkono ikiwa imefungwa, PSP inapata umeme. Ukiiachia, inazima. Na kwa vile betri hamna, inazima kweli kweli, hata kama uko dakika ya themanini na unaongoza.

Wale mnaouza redio za Android mnajua naongelea nini. Nyuma ya redio zile kuna waya wa breki. Umewekwa ili video zisionekane gari likitembea. Na mnajua mafundi wetu wanaufanya nini waya ule: wanauunga kwenye ethi pamoja na waya mweusi, redio inadanganyika kwamba gari limepaki siku zote, na mteja anaangalia bongo movie akiwa anaendesha. Sisi wauzaji tunaweka mpaka kwenye tangazo, "video inacheza hata ukiwa safarini." Mimi nimeliandika tangazo hilo kwa mikono yangu hii, na liliuza.

Nimeliacha. Na sitawadanganya kwamba kuliacha kumeniletea baraka. Mwezi wa pili tu alikuja mwenye Noah ya kubeba abiria, anataka kioo kikubwa mbele na gemu, iwake muda wote. Nikamwambia nitamfungia kwenye waya wa breki, au nimwekee kioo cha nyuma ya kiti kwa ajili ya abiria, mbele hapana. Akaniambia mimi ni muuzaji au ni trafiki? Akaenda kwa mwingine, akafungiwa alivyotaka, na oda ile ilikuwa kubwa kuliko kodi yangu ya mwezi. Naiona Noah yake inapita barabarani, kioo kinawaka bluu usiku. Nikiiona roho inaniuma kidogo, siwezi kukataa.

Lakini nikifikiria abiria waliomo, ambao hawajui kama dereva anaangalia barabara au anaangalia Messi, naona bora niumie mimi kodi.

Najua hoja yenu: "Usipouza wewe atauza mwingine." Ni kweli, na ndivyo ilivyotokea. Mimi hoja yangu ni ndogo kuliko hiyo. Mteja anapokuja kwetu na wazo la ajabu, la kufunga gemu kwenye dashibodi au kitu kingine chochote, sisi ndo mtu wa kwanza kumjibu, na mara nyingi ni sisi pekee tunaoulizwa. Fundi anaitwa baadaye, akiwa ameshakabidhiwa kifaa na ameshaahidiwa hela, hawezi tena kusema hapana. Neno "inawezekana" linatoka kwetu. Kwa hiyo tukilisema tuwe tumepima.

Sasa hivi mtu akitaka kitu cha gari namuuliza maswali manne kabla sijataja bei. Gari gani na la nani. Volti ngapi. Nitumie picha ya hapo unapotaka kikae, uweke na rula. Nani atafunga. Wengine wanakereka wanapotea, inboksi inabaki na tiki za bluu. Waliobaki nawauzia vitu viwili pamoja, kifaa na ufungaji, bei moja. Fundi wangu namlipa mimi, na mteja akiwa Masasi au Newala naandika maelekezo kwa Kiswahili cha kawaida na kuchora mchoro wa waya kwenye karatasi, napiga picha namtumia: wa njano umeme wa muda wote, mwekundu wa ufunguo, mweusi ethi. Bei yangu imepanda, ni kweli. Wale wa kuulizia bei ya mwisho ni ngapi wamepungua. Lakini vitu vinavyorudi vimepungua pia, na mwenye duka anajua kitu kilichorudi kinakula faida ya vingapi, hasa sisi tunaotegemea mizigo ya Kariakoo. Mei 2024, barabara ilipokatika Somanga baada ya kimbunga Hidaya, nilikaa na wateja wanaodai vitu vyao huku mzigo umekwama njiani. Kila kilichokuwa kibovu siku zile sikuwa na cha kumbadilishia mtu.

Na zile chaja kumi na nane nilizozisema, sikuzitupa. Nilizibandika karatasi kwa kalamu ya wino mzito, "GARI DOGO TU, SIO LORI," nikaziuza mpaka zikaisha. Baada ya hapo naagiza za 12 hadi 24 peke yake, tofauti ya bei dukani Kariakoo sio ya kukutoa jasho.

Yule dereva amerudi kuwa mteja. Malalamiko yake kwa sasa ni moja tu, kwamba foleni ya bandarini ikisogea lazima aachie breki, na mechi inakatika. Ananitumia sauti WhatsApp ananilaumu kwa kila bao alilopoteza. Juzi ameniandikia kwamba kuna mwenzake wanayepaki naye jirani, anataka PSP kama ile, afungiwe mbele kabisa, hela anayo mkononi. Nikamwambia aniulizie lori ni la kwake au la tajiri. Mpaka naandika hapa bado hajajibu.